Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Yuko Wapi?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufunzwa mapema shuleni, hutahiniwa, na hufafanuliwa kwa wepesi kwamba ujio wa mgeni huwaletea heri hata walio nyumbani. Kuku huchinjwa, mchele uliokuwa umehifadhiwa hutolewa, na watoto waliozoea sukumawiki siku hiyo hula kitoweo. Aghalabu ufafanuzi hukomea hapo. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi: mwenyeji huyo ni nani, na je, hupona kweli?

Swali hili linastahili kuulizwa upya kwa sababu ugeni umekuwa bidhaa. Mathalani, atembeaye Gataka, katika Kaunti ya Kajiado, hatakosa kuona jinsi ardhi iliyokuwa malisho ilivyogeuka kuwa viwanja vya hamsini kwa mia, kila kimoja na ukuta wake wa mawe na lango lake la chuma. Baadhi ya nyumba zilizo nyuma ya malango ya namna hiyo, hapo na kwingineko viungani mwa Nairobi, hukodishwa kwa usiku mmoja au miwili. Mgeni hulipa kwa simu, hutumiwa namba za siri za kufungulia kufuli, huingia, hulala, huondoka. Hakupiga hodi, wala hapakuwa na wa kumwambia karibu. Nyumba ya wageni imepatikana, mwenyeji hayupo.

Ni katika mazingira hayo hayo ambapo sifa za nyumba ndogo za wageni za Moroko zimewavutia wengi. Picha zake zimeenea: ua wenye mchungwa, taa za shaba, chai ikimiminwa kutoka juu. Wapo wanaotamani kwenda kulala Marrakesh au Fes japo kwa siku tatu, na wapo wajenzi wanaotamani kuileta Moroko hapa kwa kupaka ukuta rangi ya udongo mwekundu na kutandaza mito sakafuni. Makala haya yanashikilia kwamba tamaa hiyo haina ubaya, ila jicho lake limeelekezwa pasipo. Kinachomtuliza mgeni katika nyumba ya namna hiyo ni kupokewa na mtu ambaye nyumba ni yake. Nyumba iliyompoteza mtu huyo, hata ikipambwa vipi, imebaki kuwa lojingi yenye nakshi. Mfano ulio karibu zaidi wa jambo hili hauko ng'ambo ya Sahara. Uko Lamu, na mafunzo yake yanaifaa Gataka.

Nyumba inayotazama ndani

Nyumba ya Kimoroko iitwayo riad imepata jina lake kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bustani, neno lile lile lililoupa mji mkuu wa Saudia jina lake. Hujengwa kuuzunguka ua wenye miti, na mara nyingi katikati huwa na birika la maji yanayobubujika. Kwa upande wa njiani nyumba hii haina la kujionyesha: ni ukuta mtupu na mlango. Vyumba vyote hutazama ndani. Ikiwa ua hauna bustani, Wamoroko huiita nyumba hiyo dar, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hulitamka kila anapolitaja jiji la Dar es Salaam. Katika Marrakesh kuta hupigwa lipu ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni hadi ikang'aa, na sakafu hupambwa kwa vigae vidogo vilivyokatwa kwa mkono. Vyumba ni vichache, kwa hivyo jina la mgeni hujulikana tangu jioni ya kwanza.

Msomaji aliyewahi kufika Lamu ataitambua nyumba hii kana kwamba ni ndugu wa ile aliyoiona huko. Nyumba ya kale ya Lamu nayo imeupa uchochoro kisogo. Mbele pana daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mpita njia huketi kabla hajaingia. Baada ya mlango huja tekani, kipito chenye kona, ili jicho la nje lisifike ndani. Ndipo hufuata kiwanda, ua ulio wazi kwa jua na mvua, kisha misana iliyopangana, na hatimaye ndani, chumba cha faragha ambacho ukuta wake umechongwa zidaka za kuwekea vyombo vya thamani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo ni nene kiasi cha kuuzuia mchana usiingie na joto lake. Hata upana wa vyumba umeamuliwa na mazingira: boriti za mikoko ndizo zinazobeba dari, na mkoko hauna urefu wa kupita kiasi, kwa hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba.

Hata hivyo, sehemu inayohusu mjadala huu zaidi ni ile iitwayo sabule. Hiki kilikuwa chumba cha wageni, kikiwekwa mahali ambapo mwanamume mgeni angeweza kuingia na kutoka bila kupita katikati ya wanawake wa nyumba. Mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za kaskazi alikaa humo akingojea pepo za kusi zimrudishe kwao, na ngojea hiyo ilikuwa ya miezi. Maana yake ni kwamba mafundi wa Lamu walipochora nyumba ya mtu, walimchora na mgeni wake ndani yake. Nyumba haikuhitaji kugeuzwa ili imfae mgeni. Ilikuwa tayari na nafasi yake, pamoja na mipaka yake: mgeni alijua pa kukaa, na mwenyeji alijua pa kumkomesha.

Wazee husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Milango ya Lamu na Zanzibar imechongwa kwa ufundi uliosifiwa duniani kote, na leo nakala zake huuzwa hata kwa wasiojua nyumba ilikuwa na nini nyuma ya mlango. Methali hii inawahusu hao hasa.

Mmoroko aliyepokewa Afrika Mashariki

Ikumbukwe kwamba Moroko na pwani hii zilikutana zamani, na zilikutana kwa njia ya ugeni. Mnamo 1331 hivi, msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, aliabiri kusini kutoka Aden, akapita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa na kufika Kilwa. Kumbukumbu za safari zake, alizomsimulia mwandishi Ibn Juzayy na ambazo zilikamilishwa mwaka 1355, zina maelezo ya namna wageni walivyopokewa.

Anaeleza kwamba merikebu ilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji waliiendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo alikaa nyumbani kwa kijana yule, isipokuwa kama alikuwa mzoefu wa mji na ana watu anaowajua. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizohitaji. Aliyemdanganya mgeni kwa bei duni, au aliyefanya naye biashara mwenyeji wake asipokuwepo, alikuta mapatano hayo yamebatilika. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa katika nyumba ya wanafunzi. Alikaa siku tatu akiletewa chakula mara tatu kwa siku: wali wa samli na vitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, aliletewa mavazi ya kwendea msikitini. Kilwa nako alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa.

Simulizi hii ina funzo lisilopaswa kupuuzwa. Ukarimu huo haukuwa sadaka tupu. Mwenyeji wa Mogadishu alipata faida kutokana na mgeni wake, tena faida ya wazi iliyolindwa na desturi. Naye mgeni alipata ulinzi. Pande zote mbili zilifungwa na wajibu, na kati yao hapakuwa na mtu wa tatu aliye mbali akichukua sehemu kubwa ya mapato. Kwa hivyo si kweli, kama wasemavyo baadhi ya wakosoaji, kwamba fedha ndizo zilizoua ukarimu wa Waswahili. Fedha zilikuwepo tangu awali. Kilichobadilika ni nani anayezipokea na nani anayesema karibu.

Neno lenyewe linatoa ushahidi. Mwenyeji ni mwenye mji. Ndani ya neno hilo mna umilikaji: mtu hawezi kukaribisha mahali pasipo pake. Mtumishi huweza kuwa mchangamfu, mpole na mwenye tabasamu la dhati, lakini hana mamlaka ya kumwambia mgeni akae siku moja zaidi bila malipo kwa sababu mvua inanyesha na mashua hazisafiri. Mwenyeji anayo.

Jiwe limepona, je, mwenyeji?

Utalii wa Lamu haukuanza jana. Hoteli ya Petley's ilitangulia, na ile ya Peponi kule Shela ikafuata mwaka 1967. Vijana wa Ulaya na Marekani waliomiminika miaka ya 1970 wakitafuta utulivu walilala katika nyumba za watu, juu ya madari, kwa fedha kidogo. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1990, walifika wageni wa aina nyingine waliotaka kununua nyumba zenyewe. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sifa ikapanda, na bei nayo ikapanda.

Leo mgeni akilala Lamu huweza kukutana na nyumba za namna mbili, na tofauti yake haionekani kwa nje. Katika ile ya kwanza, mwenye nyumba au binamuye huketi dakani jioni. Mgeni anaporudi kutoka ufuoni husalimiwa, huulizwa amekula nini, hujibu, huketi. Asubuhi hula mahamri na mbaazi zilizopikwa na mama wa nyumba, ambaye pengine hamuoni ila sauti yake huisikia kutoka juu. Wapo watoto wanaokwenda chuoni na juzuu zao, wapo majirani wanaokuja kuazima kitu. Mgeni haonyeshwi utamaduni, ameukuta ukiendelea na shughuli zake. Usiku huo atautaja miaka kumi baadaye.

Katika nyumba ya pili kila kitu ni kizuri zaidi. Chokaa ni jeupe zaidi, zidaka zimewekwa mishumaa, na kiwanda kimegeuzwa bwawa dogo la kuogelea. Mwenye nyumba yuko ng'ambo na huja mara moja kwa mwaka. Mlinzi na mpishi ni watu wa hapo, na mishahara yao huwafaa. Pengine mmoja wao ni mjukuu wa aliyeijenga nyumba, sasa akiingilia mlango wa nyuma akiwa amevaa sare. Anamsalimu mgeni kwa neno "Jambo", neno ambalo Mswahili hamsalimu nalo Mswahili mwenzake, kwani "hujambo" imekatwa kichwa ili impendeze asiyejua kuijibu. Hapo hata lugha imefanywa pambo la ukutani.

Haki inadai upande wa pili nao usikilizwe. Watetezi wa ununuzi huu husema kwamba nyumba nyingi zilikuwa zinaanguka. Nyumba moja hurithiwa na watu wengi, kila mmoja na fungu lake kwa mujibu wa sheria ya mirathi, na asiyekaa humo haoni sababu ya kuchangia ukarabati. Mawe ya matumbawe, chokaa na boriti vina gharama, na fundi anayejua kazi hiyo hapatikani kila kona. Mgeni mwenye fedha alipokuja, paa lilizibwa, mafundi wakapata kazi, na vijana wakarithi ufundi ambao ungezikwa na wazee. Hoja hii ina uzito na hapana budi kuikubali. Pasipo fedha hizo, huenda baadhi ya kuta zinazosifiwa leo zingekuwa vifusi.

Pamoja na hayo, kuponya ukuta si sawa na kumponya mwenyeji. Bei inapopandishwa na wanunuzi wa ng'ambo, kijana wa Lamu anayetaka kuoa hawezi kununua wala kupanga nyumba katika mtaa aliozaliwa. Huhamia viungani, ambako hujenga kwa matofali ya saruji. Msikiti wa mtaa hubaki na waumini wachache, na daka lililokuwa la wazee kupumzikia huwa kizingiti tu. Hali hii haikuizuru Lamu peke yake. Marrakesh, ambayo mji wake wa kale uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 1985, ilishuhudia wimbi kubwa zaidi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Wazungu wengi, hasa Wafaransa, waliponunua nyumba za kale na kuzigeuza nyumba za wageni. Kwa hivyo anayeiga Moroko aige akijua kwamba Wamoroko nao wana swali lile lile.

Isitoshe, historia ya karibuni imeonyesha hatari ya mji kumtegemea mgeni asiyefungwa na wajibu wowote. Mnamo 2011 wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda, mataifa ya Ulaya yaliwaonya raia wao wasiende, na vyumba vikabaki vitupu. Mnamo Juni 2014 yalitokea mauaji ya Mpeketoni, na amri ya kutotoka nje usiku ikafuata. Mwaka 2020 likaja janga la Korona. Katika kila msukosuko, mmiliki aliye ng'ambo alifunga nyumba akangoja. Mpishi na nahodha wa mashua hawakuwa na pa kungojea. Mwenye nyumba yake, hata akikosa mgeni, angalau ana paa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwenyeji anayepona na mfanyakazi anayeajiriwa kusema karibu kwa niaba ya mwingine.

Kutoka Lamu hadi Gataka

Huenda msomaji akauliza: haya yanaihusu vipi Gataka, isiyo na matumbawe wala milango ya nakshi? Yanaihusu sana. Kajiado nayo ni nchi iliyopokea wageni wengi kwa muda mfupi. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha umilikaji wa ardhi kwa vikundi, na zikaundwa ranchi za jamii. Kuanzia miaka ya 1980 nyingi ziligawanywa, ikiwemo ile ya Kitengela, kila familia ikapewa hati yake. Hati ikikaa mkononi mwa mwenye shida huuzwa. Karo ilihitajika, mifugo ilikufa kwa ukame, na mnunuzi kutoka Nairobi alikuwa langoni na fedha taslimu. Kilichotokea Lamu kwa nyumba kilitokea Kajiado kwa ardhi. Majina ya Kimaasai yamebaki, kama vile Ongata Rongai, yenye maana ya uwanda mwembamba, lakini wengi wanaoyatamka kila siku garini hawajui kwamba wanatamka lugha ya mwenyeji wao.

Wamaasai walikuwa na nyumba ya wageni kabla ya neno hilo kutungwa. Mwanamume aliyesafiri alipofika kwenye boma la mbali, alipokewa na wa rika lake, akapewa pa kulala na maziwa ya kunywa. Nyumba, iitwayo enkaji, hujengwa na mwanamke kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na kwa desturi aliyeijenga ndiye mwenye usemi ndani yake. Maziwa hugawanywa naye. Mlango wake una kipito kinachopinda kabla ya kufika ndani, sawa na tekani ya Lamu, na moto uko katikati. Kwa hiyo mwenyeji wa nyumba ya Kimaasai, kwa maana kamili ya neno, ni mwanamke. Nao mazoea ya kuiita kila nyumba ya Mmaasai "manyatta" ni kosa ambalo wanafunzi wa lugha wanapaswa kulirekebisha, kwani emanyatta ni kambi ya morani. Mgeni anayeambiwa kwamba amelala "manyatta" amedanganywa tangu jina.

Wapo waliokwisha kuonyesha kwamba yawezekana kupokea wageni bila kumpoteza mwenyeji. Kule Laikipia, nyumba ya wageni ya Il Ngwesi, iliyofunguliwa mwaka 1996, ni mali ya jamii ya Wamaasai wa hapo. Na katika Kajiado yenyewe, anayeifuata barabara ya Magadi kutoka Ongata Rongai, akaiteremka Bonde la Ufa hadi Olkiramatian, atakikuta kituo cha Lale'enok, ambacho ni mali ya kikundi cha wanawake wa Olkiramatian na hupokea watafiti na wageni wengine. Hapo mwanamke wa Kimaasai amerudishiwa nafasi aliyokuwa nayo katika enkaji: kuwa mwenye nyumba anayempokea mgeni.

Gataka yaweza kujifunza nini? Kwanza, aliye na kiwanja asikimbilie kukiuza ikiwa anaweza kukikodisha au kukijenga pole pole. Nyumba yenye vyumba vitatu inayosimamiwa na mama wa nyumba hiyo ni biashara halali, na mgeni aliyechoshwa na kelele za jiji huitafuta. Pili, anayehamia na kujenga nyumba ya wageni, awe Mkikuyu, Mkamba, Mluo au mgeni wa mbali, atambue kwamba yeye pia ni mgeni kabla hajawa mwenyeji. Maziwa anunue kwa jirani mfugaji, mbuzi kadhalika, na jina la nyumba yake alitafute katika lugha za hapa kabla ya kuliazima Marrakesh. Akipenda ua wa ndani, na aujenge, kwani katika nchi ya vumbi na upepo ua uliozungukwa na vyumba ni busara. Akipenda taa za shaba, na azitundike. Ila asiweke namba za siri mahali pa mtu. Tatu, mgeni naye ana wajibu. Kabla ya kulipa, aulize maswali matatu: nyumba hii ni ya nani, nani atanipokea, na chakula nitakacholeta mezani kimenunuliwa wapi? Majibu yatamwonyesha iwapo fedha yake inamponya mwenyeji au inamhamisha.

Wajibu wa wapenzi wa Kiswahili

Huenda wengine wakaona kwamba mambo haya ni ya wachumi na maafisa wa utalii, na kwamba chama cha wanafunzi wa Kiswahili hakina la kufanya. Fikira hiyo si sahihi. Msamiati wa ukarimu ni mali ya lugha, na unapukutika. Daka, tekani, msana, sabule: maneno haya hayajulikani na wengi wa wanaosomea Kiswahili vyuoni, ilhali wangali hai wazee wanaoyatumia. Kazi ya kuyakusanya kutoka vinywani mwao si kubwa kwa chama chenye wanachama wa pwani na bara. Vivyo hivyo, mabango ya nyumba za wageni yameandikwa Kiingereza hata pale ambapo mwenyewe na wateja wake wote ni Wakenya. Zaidi ya yote, neno "mteja" limeanza kulifukuza neno "mgeni". Mteja hulipa, hupewa risiti, basi. Mgeni hulipa pia, kama walivyolipa wafanyabiashara wa Mogadishu kwa faida waliyowaletea wenyeji wao, lakini akishafika hubaki na haki ya kuulizwa amelalaje.

Ipo methali nyingine inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukulia kuwa ya uchoyo. Kwa hakika ni ya heshima. Inasema kwamba anayekaa huacha kuwa mgeni, naye hupewa sehemu katika kazi ya nyumba. Walionunua Lamu wamekaa zaidi ya siku tatu, na waliojenga Gataka vilevile. Jembe lao ni kuwarudishia wenyeji sauti katika nyumba zinazobeba sifa zao, kwa mikataba ya kukodi badala ya kununua moja kwa moja, kwa ubia, na kwa kuwaachia usimamizi wa kweli wale ambao leo wamepewa sare peke yake.

Nao wenyeji wasingoje kuhurumiwa. Nyumba ikishauzwa haikombolewi kwa majuto, na ardhi ya Kajiado haiongezeki. Atakayeamka baada ya hati ya mwisho kutiwa sahihi atapiga hodi kwenye lango la chuma katika uwanda wa babu yake, na kufuli litamdai namba za siri. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.